Kura zetu zimegawanyika: tuanze na kitabu gani cha fantasia?

"Sisi ni watu tisa, marafiki na jamaa, na tumekubaliana kusoma pamoja kitabu kimoja cha fantasia ya zamani, katika vile ambavyo watu huvitaja kila mara. Tunakutana mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu. Tulipiga kura: The Lord of the Rings kilipata kura tatu, The Hobbit mbili, Narnia mbili, A Wizard of Earthsea mbili. Kwa hesabu hiyo The Lord of the Rings kimeshinda, lakini mwaka jana tulianza hichohicho, na kufikia wiki ya tano tulikuwa tumebaki wawili. Anayekitetea anasema hatuwezi kusoma fantasia bila kuanzia kwenye mzizi wake. Mwenzetu mmoja anasema yote haya ni mambo ya watoto. Mwingine, mtu wa dini, hajasema kitu mbele ya kundi, ila aliniambia pembeni kwamba habari za uchawi zinamtia wasiwasi. Mimi ndiye mratibu na sitaki tuvunjike mara ya pili. Tuchague kipi?"

Pole kwa yaliyowapata mwaka jana, na nianze kwa kukutua mzigo mmoja: kundi kubaki na watu wawili katikati ya The Lord of the Rings ni jambo la kawaida kabisa. Nimeongoza makundi ya usomaji kwa miaka mingi, na kundi langu la kwanza lilizama kwenye kitabu hichohicho, katika kile kikao kirefu cha baraza ambapo watu msiowajua wanasimama mmoja baada ya mwingine kusimulia mambo ambayo msomaji hakuyaona yakitokea. Hakuna aliyetangaza kwamba ameacha. Wiki moja mtu alikuwa na mgeni, wiki nyingine mtu alikuwa na mafua, mwisho nikabaki natazama viti.

Kwenye barua yako naona maswali mawili yamefungwa pamoja. La kwanza ni kitabu kipi ni bora, na hilo mnaweza kubishana mpaka jogoo awike. La pili ni kitabu kipi kitawafikisha mwisho mkiwa bado tisa. Hili la pili lina jibu. Ningeanza na A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, nikisome kwa wiki tatu au nne, na The Lord of the Rings nikiweke akiba kwa wale watatu wanaokitaka kwa moyo. Kama Earthsea kitashindikana kwa sababu ya mwenzenu mwenye wasiwasi, basi The Hobbit. Nitaeleza sababu kwa kirefu, maana utazihitaji: mtu aliyepiga kura hashawishiki kwa kuambiwa tu kwamba mtaalamu kasema.

Tazama hizo kura tena. Tatu kati ya tisa maana yake ni kwamba watu sita watasomeshwa kitabu ambacho hawakukichagua. Kura ya namna hiyo inafaa kumpata mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti atafanya kazi yake hata kama sita wamenuna. Kitabu hakijisomi. Kila mmoja wenu lazima akibebe mwenyewe, peke yake, usiku, akiwa amechoka. Kwa hiyo usiwaulize watu wanapenda kipi zaidi. Waulize ni kipi wanajua kabisa hawatakimaliza. Andika majina ya vitabu vyote, mpe kila mtu nakala, afute kimyakimya asivyoviweza, na asilazimishwe kutoa sababu. Kilichofutwa na wachache ndicho cha kundi. Usishangae kikiwa kile ambacho hakikuwa chaguo la kwanza la wengi. Na ukiona kimebaki na mfutaji mmoja tu, mtafute huyo mmoja kabla ya kuanza, maana ndiye kiti cha kwanza kitakachobaki kitupu.

Huyo mwenzenu wa mzizi ana hoja inayosikika vizuri, ila historia haimuungi mkono. The Lord of the Rings kilitoka kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955. Kufikia hapo riwaya ya fantasia ilikuwa na umri wa karibu karne nzima: George MacDonald alikuwa ameshachapisha Phantastes mwaka 1858, Lord Dunsany akatoa The King of Elfland's Daughter mwaka 1924, na Hope Mirrlees akafuata na Lud-in-the-Mist mwaka 1926. J. R. R. Tolkien, mwandishi wake, naye alichota kwa waliomtangulia. Majina mengi ya mbilikimo wake, pamoja na lile la Gandalf, aliyatoa kwenye Völuspá, shairi la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya. Ukiutafuta mzizi utachimba hadi kwenye ngano za bibi zake bibi, na bado hujafungua ukurasa. Nakubali kwamba kitabu hiki ni shina nene, na vingi vilivyofuata ama vimekiiga ama vimekibishia. Hiyo ni sababu ya kukisoma siku moja. Haiwi sababu ya kukisoma kwanza.

Kuhusu mambo ya watoto, mwenzenu hajakosea kuhusu mahali vitabu hivi vilipozaliwa. The Hobbit cha mwaka 1937 kiliandikiwa watoto, Narnia pia, na Earthsea kiliandikwa baada ya mchapishaji kumwomba Le Guin kitabu cha vijana. Alichokosea ni kudhani kwamba kilichoandikiwa kijana kinamwacha mtu mzima salama. Katika sura ya nne ya Earthsea mzee mmoja anapoteza uhai kwa sababu kijana mwenye kipaji alitaka kumwonyesha mwenzake kwamba yeye ndiye zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kuharibu jambo kubwa kwa sababu ya kiburi kidogo ataisoma sura hiyo polepole. Usibishane naye, msomeshe hiyo sura.

Sasa nije kwenye kinachovunja makundi, maana mwaka jana hamkuvunjwa na uvivu.

Riwaya ya maisha ya kawaida inamkopesha msomaji mambo mengi bure. Ikisema "alipanda basi", hakuna anayehitaji kuelezwa basi ni nini. Fantasia haina mkopo huo. Mwandishi anaanza na kiwanja kitupu: lazima asimamishe nchi, historia yake, falme zake, majina ya milima na ya watu, na sheria za mambo yanayowezekana na yasiyowezekana. Sehemu kubwa ya ujenzi huo iko mwanzoni, pale ambapo msomaji bado hajampenda mtu yeyote ndani ya kitabu. Anaombwa akariri kabla hajapewa sababu ya kujali.

Anayesoma peke yake ana dawa ya hali hiyo. Anarudi nyuma kurasa kumi, anatazama ramani, analala, anaendelea kesho. Anayesoma na kundi ana tarehe. Akichanganyikiwa Jumanne na mkutano ni Alhamisi, anaruka. Akiruka, sura inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Anafika mkutanoni, wenzake wanataja jina lisilomwambia kitu, na yeye anatikisa kichwa kana kwamba anaelewa. Kuuliza si ujinga, tunaambiana hivyo tangu utotoni, lakini kuuliza "huyu Boromir ni nani?" mbele ya watu wanane, wiki ya nne, kunataka ujasiri ambao wengi wetu hatuna baada ya kutwa nzima ya kazi. Wiki inayofuata ana udhuru. Inayofuata hana haja ya udhuru. Kila sura aliyoiruka ni deni, na deni la kusoma lina riba.

Ongeza hesabu ya muda. Chukua mtu mwenye kazi na familia, anayepata nusu saa usiku mara nne kwa wiki. Tuseme anasoma kurasa 30 kwa saa, ambao si mwendo mbaya kwa fantasia. Hizo ni kurasa 60 kwa wiki. Earthsea kina kurasa kama 200, kutegemea toleo. Anamaliza ndani ya wiki nne hata akikosa usiku mmoja au mawili. The Lord of the Rings kina sura 62 na kurasa zaidi ya 1,000. Kwa mwendo uleule ni zaidi ya wiki 16, bila kuugua, bila kusafiri, bila wiki mbaya kazini. Kwa watu tisa, uwezekano wa wote kupita wiki 16 bila wiki mbaya haupo. Mwaka jana nyinyi mlifanya kilekile ambacho hesabu ilikuwa imeshasema mtafanya.

Kuna kivunjaji kingine, kipole zaidi: kitabu kinachopendwa na wote. Kundi linakuja, kila mtu anasema kizuri, kizuri sana, na baada ya dakika 20 mnaongea habari nyingine. Mazungumzo yanahitaji mahali ambapo watu wawili wenye akili zao wanaachana njia kuhusu alichofanya mhusika, kila mmoja ana ushahidi kutoka ukurasa uleule. Ndicho kipimo changu kikuu ninapochagua, na nakiweka mbele ya umaarufu wa kitabu.

Kwa kipimo hicho, tuviangalie vya kwenu.

The Lord of the Rings kina ubishi wa kutosha wa miaka kumi. Shida yake ni urefu na mwanzo wake. Kati ya sherehe ya kuzaliwa inayofungua kitabu na safari yenyewe kuanza inapita miaka 17 ya hadithi, kwa hiyo anayelalamika kwamba mambo yanakwenda polepole ana haki yake. Kama wale watatu hawatakubali kusubiri, kuna njia ya katikati. Mafungu matatu ni mpango wa uchapishaji. Tolkien alikigawa kitabu chake katika vitabu sita vya ndani. Cha kwanza kina sura 12 na kinaishia mahali pazuri pa kushusha pumzi. Ahidini hicho tu, ruka dibaji ya desturi za hobbit, wale watu wafupi wa hadithi yake (kweli, iruke, utairudia ukishawapenda), na mkifika mwisho wake mpige kura upya ya kuendelea au kuacha. Kuacha kwa makubaliano hakumwaibishi mtu. Kuacha kwa kupotea mmoja mmoja ndiko kunakoua kundi.

The Hobbit kina sura 19 na sauti ya msimulizi anayekukonyeza jicho, kwa hiyo kinasomeka kwa sauti vizuri kuliko vyote vinne. Mbilikimo 13 wanaingia mlangoni ndani ya sura moja, na wasomaji wapya hujaribu kuwakariri wote. Waambie wamshike Thorin na Balin, wengine watajitokeza wakihitajika. Ubishi wake uko mwishoni, pale suala linapogeuka kuwa hazina ni ya nani na Bilbo, mhusika mkuu, anafanya jambo ambalo nusu ya kundi litaliita wizi na nusu nyingine busara. Udhaifu mkubwa: hakuna mwanamke hata mmoja mwenye jina anayesema neno katika kitabu kizima. Semeni hilo wazi mkutano wa kwanza, maana mtu atalisema tu. Na kama mnapenda kuona jinsi vitabu vinavyotengenezwa, sura ya tano, ile ya mafumbo gizani, iliandikwa upya kwa toleo la 1951 ili ilingane na kitabu kikubwa kilichokuwa njiani. Pete ambayo Bilbo anatoka nayo humo ilikuwa zawadi ya mchezo kwanza. Uzito wake wote ulikuja baadaye.

Narnia si kitabu kimoja. Ni saba, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, kwa hiyo wale wawili waliokipigia kura huenda hawakuwa na kitabu kimoja kichwani. Kama ni hicho, chukueni The Lion, the Witch and the Wardrobe kilichotoka kwanza, hata kama seti mliyo nayo imeweka namba moja kwenye The Magician's Nephew cha mwaka 1955. Ni sura 17 fupi, wiki mbili zinatosha. Kwa watu wazima nakiona chembamba. C. S. Lewis alikijenga juu ya imani yake ya Kikristo waziwazi, na katika makundi niliyoyaona maongezi huelekea huko moja kwa moja na kubaki huko. Kwa kundi la imani moja huenda ndicho mnachotaka.

Kuna vitatu ambavyo hamkuviorodhesha na ningependa mvijue. The Last Unicorn cha Peter S. Beagle, cha mwaka 1968, kinamfuata farasi mwenye pembe moja anayesikia kwamba wenzake wote wametoweka. Kinachekesha na kuhuzunisha katika sentensi ileile, na kina tukio ambapo mwanamke aliyechoka na maisha anamkasirikia kiumbe huyo kwa kumjia akiwa amechelewa hivyo, wakati usichana wake umeshapita. Nimewahi kuona mkutano mzima ukiishia kwenye ukurasa huo mmoja. The Palm-Wine Drinkard cha Amos Tutuola, cha mwaka 1952, ni safari ya mlevi anayemfuata mgema wake aliyekufa hadi mji wa wafu. Ni kifupi, kinavunja kanuni za lugha kama kinavyotaka, na wapo waliokishangilia na waliokionea aibu kilipotoka. Anayetaka msuko uliopangwa vizuri atahangaika nacho. Na kama baadhi yenu wanasoma Kiswahili kwa raha zaidi kuliko Kiingereza, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, kina mtu anayelazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake. Hicho hakihitaji wiki mbili. Kama kundi lina hofu baada ya mwaka jana, kitabu kifupi kama hicho cha kurudishia imani si wazo baya hata kidogo.

Sasa Earthsea. Kilitoka mwaka 1968, mwaka uleule wa kile cha Beagle, na kina sura 10. Dunia yake ni visiwa vitupu, bahari kila upande, na kila kitu ndani yake kina jina la kweli. Anayelijua jina la kweli la kitu ana mamlaka juu yake. Kwa hiyo watu huyaficha majina yao, na kumpa mtu jina lako ni kumkabidhi roho. Kijana Ged anazaliwa maskini kisiwani Gont, anagundulika ana kipaji, anapelekwa kusoma kisiwani Roke, na huko kiburi chake kinafungua mlango ambao kivuli kinapita. Sehemu iliyobaki ni yeye na hicho kivuli.

Kwa nini kinafaa kundi? Kwanza, majina ni mengi lakini yanakuja kwa zamu. Ged anasafiri, na kila kisiwa kina watu wake ambao ukiondoka unaweza kuwasahau. Mtu aliyekosa sura moja anaweza kurudi safarini bila kuzama. Pili, kina zile njia panda nilizosema. Katika sura ya tano Ged anakabiliana na joka wa Pendor. Joka anajua jina la kile kinachomwinda Ged, na yuko tayari kuliuza. Lakini Ged amekwenda pale kwa ajili ya usalama wa wavuvi wa visiwa vya jirani, na hawezi kupata vyote viwili. Waulize wenzako wangechukua kipi. Nawe usiseme chako mpaka wote wamalize. Tatu, ngozi za watu. Ged ana rangi ya shaba iliyoiva, rafiki yake mkubwa ni mweusi, na wavamizi wa sura ya kwanza ndio weupe. Le Guin alilifanya hilo kwa makusudi, na kwa miaka mingi alilalamikia wachoraji wa majalada waliomchora Ged mweupe. Kama nakala zenu zina majalada tofauti, zipangeni mezani siku ya kwanza.

Kina kasoro, usiwafiche. Msimulizi anasimama mbali, kama mzee anayesimulia habari za mtu aliyeishi zamani, na mazungumzo ni machache. Wanaopenda vitabu vya majibizano watakiona kikavu mpaka sura ya tatu. Wanawake wako pembezoni. Kisiwani Gont kuna hata misemo ya kudharau ujuzi wa wanawake, na kitabu hakiipingi. Le Guin aliona hilo mwenyewe baadaye, akarudi kwenye visiwa vilevile mwaka 1990 na Tehanu, kitabu kinachouliza upya karibu kila kitu alichokiacha kipite. Kwa hiyo mkikasirika mtakuwa mmekasirika pamoja na mwandishi, na mkipata hamu ya kuendelea, njia ipo.

Kigaweni hivi: sura ya 1 hadi ya 4 mkutano wa kwanza, ya 5 hadi ya 7 wa pili, ya 8 hadi ya 10 wa tatu. Sura ya nne inawaachia mtu aliyejeruhiwa na swali lisilojibiwa, na ya saba inamrudisha mahali alipoanzia. Mkiona mwendo mkali, katizeni fungu la kwanza mara mbili. Kabla ya yote hayo, tumieni mkutano mmoja wa mwanzo kusoma sura ya kwanza kwa sauti, kwa zamu, bila mtu kujiandaa. Majina yatatamkwa vibaya na wote kwa pamoja, na aibu itaishia hapo. Kisha kila mkutano ufungueni kwa dakika tano za "tulipofikia": mtu mmoja anasimulia yaliyotokea kana kwamba hakuna aliyesoma. Aliyebaki nyuma anadaka njia bila kujitangaza. Katika yote niliyojaribu, hizo dakika tano ndizo zilizookoa viti vingi zaidi.

Filamu? Aliyeitazama filamu ya kitabu chochote kati ya hivi aje. Ana ramani ya majina kichwani tayari, na tofauti kati ya alichoona na mnachosoma ni mazungumzo ya bure.

Limebaki la mwenzenu mwenye wasiwasi. Sehemu ya tatizo inaletwa na lugha yetu wenyewe. Neno mchawi kwa Kiswahili lina uovu ndani yake kabla halijaingia kwenye sentensi: mchawi ni anayedhuru kwa siri. Anayeponya tunamwita mganga, anayeyatazama yaliyofichika ni mwaguzi. Lile neno wizard lililo kwenye jina la kitabu lina asili ya hekima. Ni mtu mwenye kujua. Ukimwambia mwenzako "tunasoma kitabu cha mchawi", umemhukumu mhusika kabla ya ukurasa wa kwanza. Katika makundi yangu huwa tunasema mjuzi, na Roke tunaiita shule ya wajuzi, na mambo mengi hutulia. Mwambie pia kwamba fundisho linalorudiwa shuleni hapo ni mizani: huwezi kubadili hata kokoto bila kujua mema na mabaya yatakayofuata, na taa ukiiwasha unazaa kivuli.

Lakini usimlaghai. Mwambie wazi kwamba ndani yake mtu anaita roho ya aliyekufa, na kwamba kosa hilo ndilo linaloleta balaa lote. Mwambie kwamba Le Guin alivutiwa na mafunzo ya Kitao, falsafa ya kale ya China, na hayo yanasikika. Wala usimwambie "ni hadithi tu". Anajua ni hadithi, na ukisema hivyo unamwambia kwamba anachokilinda ni kidogo. Mpe sura ya kwanza na ya nne asome peke yake, kisha akuambie. Akisema hapana, hamieni The Hobbit, ambamo mambo ya aina hiyo ni machache, na mwandishi wake alikuwa Mkatoliki thabiti. Hakuna haja ya kundi kujua ni nani aliyesababisha mabadiliko.

Hilo lifanyike ana kwa ana, mkiwa wawili. Ujumbe wa simu katika jambo la imani husomwa kwa sauti kali kuliko ulivyoandikwa. Akitaka kumwuliza kwanza kiongozi wake wa dini, mpe muda huo, mkianza wiki moja baadaye hamtakuwa mmepoteza kitu.

Mambo mengine mawili hayatatuliki kwa barua yangu. La nakala mpelekee mkutubi: yeye ataona toleo lipi linapatikana kwa wingi, lipi lina ramani, na kama kuna la kusikiliza, ambalo kwa mtu wa safari ndefu ni kusoma kamili. La pili ni yule atakayekwambia "mimi nasoma polepole sana". Mara nyingi ni kweli na haina tatizo. Lakini akitaja kichwa kuuma baada ya kurasa chache, mistari kucheza, au kwamba amekuwa akikwepa kusoma tangu shuleni, usimpe mbinu zangu. Mwambie aonane na mtaalamu wa macho, na macho yakiwa sawa, amtafute mtu anayeshughulikia matatizo ya kusoma. Nimekuwa na msomaji wa namna hiyo, mtu wa maneno mengi aliyekuwa hafungui kitabu. Alipopata miwani sahihi alimaliza fungu lake siku mbili kabla ya mkutano na kuanza kutuharibia mwisho.

Na huyo anayetetea mzizi, mpe kazi ya kusimulia "tulipofikia" wiki ya kwanza.